MAMBO YA ULIMWENGU: Siku Mbili Mjini Singapore

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa upande wa Nyeri, ametuletea barua ndefu yenye mwandiko wa kupendeza. Binti yake afanyaye kazi Australia amemnunulia tikiti ya ndege aende kumwona, na wakati wa kurudi itambidi akae Singapore siku mbili. Anazo fedha kidogo alizoziweka kutokana na malipo ya kahawa. Jirani yake amemwambia ati mji ule ni wa matajiri, na afadhali abaki kwenye uwanja wa ndege asije akazimaliza. Auliza kama jirani asema kweli.

Mzee wangu, jirani amesema nusu ya kweli. Mahali pa kulala ni ghali, na maduka makubwa ni ya watu wasiohesabu fedha zao. Lakini mambo yaliyo bora kwa macho ya mkulima huonwa bure, au kwa gharama ndogo, nami nitakueleza yale ambayo nisingependa uyakose.

Kwanza ujue mahali penyewe. Nchi nzima ni kilomita za mraba 735 hivi, yaani imeizidi Kaunti ya Nairobi kidogo tu, na ina watu wapatao milioni 6. Iko karibu sana na ikweta kama Nanyuki, lakini usichukue koti la Nanyuki! Ni usawa wa bahari, joto lake ni kama la Mombasa, na mvua yaweza kunyesha mwezi wowote. Chukua mwavuli.

Asubuhi ya kwanza nenda katika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1859. Lango hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, wala hakuna kiingilio ila katika sehemu ya maua ya okidi. Mwaka 1877 ililetwa hapa miche 22 ya mpira kutoka bustani ya Kew, Uingereza, nayo ilitokana na mbegu za Brazil. Mwaka 1888 akaja mkuu mpya wa bustani, Henry Ridley. Wakati ule wenye mashamba wa Malaya walikuwa wakilima kahawa, na Ridley alipowasihi wapande mpira, huku amejaza mbegu mifukoni, walimwita mwendawazimu. Bei ya kahawa ilipoanguka katika miaka ya 1890, ndipo walipomsikiliza.

Jambo alilolifundisha ni namna ya kugema. Zamani mti ulikatwakatwa ovyo ukadhoofika. Ridley alionyesha kwamba ukikata gome kwa mshazari, kisha ukaufungua tena ukingo wa chale ile ile kwa kuondoa utepe mwembamba, utomvu hutoka tena na tena na mti huendelea kuishi. Mashamba makubwa ya Malaya yalitokana na ujuzi huo. Ridley mwenyewe alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 100. Nadhani wewe, uliyekwisha kuhangaika na bei ya kahawa, utasimama mahali hapo kwa muda mrefu kuliko wageni wengine wanaopita wakipiga picha.

Kwa chakula, usiingie katika hoteli. Tafuta masoko ya chakula, kama lile la Maxwell. Zamani wachuuzi walipikia barabarani, na tangu miaka ya 1970 serikali iliwahamishia katika majengo yenye mabomba ya maji na mifereji. Kila mmoja ana kibanda chake, na aghalabu hupika chakula kimoja au viwili tu, kwa hiyo hukijua vema. Utakuta mishikaki yenye mchuzi wa karanga, wali kwa kuku wa kuchemshwa, na chapati za Kihindi. Ukiona pakiti ya karatasi za kufutia mikono juu ya meza tupu, usiiondoe: mwenyewe amekwenda kununua chakula, na hiyo ndiyo alama yake. Ukimaliza kula, rudisha sinia mwenyewe, maana tangu mwaka 2021 asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini.

Alasiri nenda Marina Barrage. Ni boma lenye urefu wa mita 350, lililofunguliwa mwaka 2008, nalo hukinga mlango wa ghuba ili maji ya bahari yasiingie na maji ya mvua yasipotee. Mvua inyeshayo juu ya hekta 10,000, yaani sehemu ya sita ya nchi, hukusanyika hapo. Mvua kubwa ikinyesha wakati wa maji kupwa, milango hushushwa maji yatoke; bahari ikiwa imejaa, pampu kubwa huyasukuma nje ili mji usifurike. Watu hawa hawana mto mkubwa wala ziwa. Maji mengine huyanunua Johor, ng'ambo ya mlango-bahari, kwa mkataba wa mwaka 1962 utakaokwisha mwaka 2061, na tangu mwaka 2003 husafisha tena hata maji yaliyokwisha kutumika. Juu ya paa la boma hilo kuna majani mabichi, na jioni watoto hurusha tiara. Kuingia ni bure.

Kutoka hapo waweza kutembea kwa miguu hadi bustani ya Gardens by the Bay, iliyofunguliwa mwaka 2012. Ndipo ilipo ile miti 18 ya chuma iliyovikwa mimea, mirefu mingine yafikia mita 50. Saa mbili kasorobo usiku taa zake huwaka kwa kufuata muziki, na hakuna malipo. Ile hoteli ya minara mitatu yenye kitu kama merikebu juu yake utaiona vizuri ukiwa chini. Bwawa lake la kuogelea ni la waliolala humo tu.

Siku ya pili zitazame nyumba za watu wa kawaida. Tarehe 25 Mei 1961 moto uliteketeza vibanda vya Bukit Ho Swee, na watu wapatao 16,000 wakabaki bila makao. Idara ya nyumba ya serikali ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nayo ikaanza kujenga majumba ya ghorofa pale pale penye majivu. Leo wakazi walio wengi, karibu wanane katika kila kumi, hukaa katika nyumba za idara hiyo. Yale majumba saba ya Duxton, yenye ghorofa 50, yalimalizika mwaka 2009, na kwa ada ndogo mgeni huruhusiwa kupanda hadi juu kuutazama mji. Ila jambo moja halikunipendeza, nalo mwenye hati ya shamba atalielewa: mnunuzi hupewa miaka 99, kisha nyumba hurudi serikalini. Kwetu baba hangekubali kumwachia mwanawe mali yenye mwisho.

Ukipata nafasi mchana, pita Kampong Glam uone Msikiti wa Sultan, uliomalizika mwaka 1932. Chini ya kuba zake za rangi ya dhahabu kuna mistari myeusi, nayo ni vitako vya chupa vilivyochangwa na Waislamu maskini, ili nao wawe na sehemu katika ujenzi. Mtaa ulio karibu huitwa Muscat, na miongoni mwa wafanyabiashara wa zamani wa hapo walikuwamo Waarabu wa Hadhramaut, jamaa za wale tuwajuao Lamu na Mombasa.

Usibebe ubani wa kutafuna, kwani tangu mwaka 1992 hauruhusiwi kuingizwa kwa biashara, na mgeni hana haja ya kujitia mashakani kwa kitu kidogo kama hicho. Siku ya kuondoka fika uwanjani mapema. Ndani ya jumba liitwalo Jewel, lililofunguliwa mwaka 2019, maji huanguka kutoka darini kwa urefu wa mita 40, katikati ya msitu uliopandwa ndani ya nyumba. Lakini liko nje ya lango la ukaguzi wa pasipoti, basi litazame kwanza ndipo upite.