Mungu wa Jumapili, Mchawi wa Wiki Nzima

Nikitaja kwetu darasani, kicheko huanza. "Sumbawanga? Basi usinipigie radi." Nami hucheka nao, maana nimechoka kubisha. Jina lenyewe, husemwa kwetu, kwa Kifipa ni agizo la kutupa uchawi kabla hujaingia. Kama ni hivyo, tumelitii vibaya sana.

Tunakiri kwamba Mungu yupo kila mahali, kisha tunaishi kana kwamba mchawi ndiye aliye kila mahali. Yumo katika ng'ombe aliyekufa, katika mimba iliyoharibika, katika mtihani wa kidato cha nne uliofeliwa na mtoto ambaye hakusoma. Mungu tumemwachia saa mbili za Jumapili.

Wala hatukukosa mafundisho. Wamisionari wa Afrika walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na imani ikapanda hadi huku juu. Kwenye parokia kengele ya Malaika wa Bwana hulia asubuhi, adhuhuri na jioni. Naipenda kengele ile kwa sababu haimwiti mtu aache shamba. Inamkuta na jembe mkononi, anasimama, anasali, anaendelea kulima.

Siku hizi kinachosikika zaidi ni spika za mkesha. Nimekesha mara nyingi, sisemi ya kusikia. Mhubiri huanza na Mungu, lakini kufika saa nane za usiku tunakuwa tumehamia kwa maadui: jirani, shangazi, mke mwenza, mzee mwenye macho mekundu. (Macho ya mwanamke aliyepikia kuni miaka hamsini yawe na rangi gani?) Tunarudi nyumbani alfajiri tukiwa mabingwa wa kutambua uwepo wa mchawi.

Mwaka juzi, mtoto wa mtaani kwetu aliugua ghafla. Katika maombi mtu akasema ameonyeshwa "mama mzee, mjane, karibu na hapa." Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja. Wiki iliyofuata hakuna aliyenunua maharage ya yule mama, na watoto walipita mbali na mlango wake. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno machache kuliko hayo.

Bibi yangu alichukua jembe. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, wakati wa kutengeneza intumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake ili zioze na kurutubisha udongo. Kazi hiyo mtu mmoja mzee haiwezi. Bibi akaenda kulima na yule mama, mchana kweupe, njia kuu ikiwaona.

Jioni nikamuuliza, "Bibi, huogopi?"

"Mungu kaniona nimekaa kwake. Wewe kakuona umekaa wapi?"

Nilikuwa nimekaa barazani na kompyuta, naandika pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili. Utafiti juu ya maisha ya kiroho, tena.

Tulikuwa tunamsoma Ndugu Laurent, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, ambaye alizoea kuwa na Mungu katikati ya sufuria za jikoni la monasteri. Wengi humchukua kama mwalimu wa utulivu: pumua, nyamaza, mhisi Mungu. Hapo ndipo nagombana nao. Utulivu wa jikoni ni rahisi kwa asiyeogopa chumvi ya jirani. Kwetu mtu anayesali vizuri hukataa chakula cha mjane, na hakuna padri wala mchungaji anayemuuliza alimwacha wapi Mungu aliyekuwa naye asubuhi.

Nitajibiwa kwamba uchawi upo, hata Biblia inautaja. Sibishani. Nauliza tu kwa nini yule anayetajwa mara chache ndiye tunayemwona kila kona, na yule anayetajwa kila ukurasa hatumwoni hata kwenye kizingiti cha mlango wa pili.

Mwezi Mei nilirudi likizo, nikaenda kwa yule mama na kupiga hodi. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, mlango ukiwa bado umefungwa, mimi ni nani, na nani kanituma.