Sombe haina kijani kile: tuache kupaka chakula rangi ndani ya simu

Kuanzia saa nne ya asubuhi, statusi za WhatsApp mjini Goma na Bukavu zinajaa sufuria. Sambaza wanakaangwa, maharagi yanachemka, bugali inageuzwa kwa mwiko, na chini yake kuna bei na namba ya kuagizia. Ni biashara ya kweli. Mama asiye na franga za kukodi mgahawa anapikia uani, anapiga picha, na saa sita kijana wa pikipiki anapelekea watu sahani kazini. Mimi nawapongeza. Lakini picha nyingi zinarekebishwa kupita kiasi, na hilo linaanza kuharibu biashara yenyewe.

Tuchukue sombe. Siku hizi kwenye picha ina kijani chenye kung'aa, kama majani yaliyochumwa sasa hivi. Anayejua kuipika anashtuka. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, ndiyo maana mama zetu wanayatwanga vizuri na kuyaacha motoni muda mrefu. Moto huo huo ndio unaobadilisha rangi: kijani kinazimika, kinaelekea kahawia, kisha mawese yanaweka wekundu wake juu. Rangi ile nzito ndiyo inayomwambia mlaji kwamba sombe imeiva. Mwenye kuongeza kijani kwa kidole anatangaza, bila kujua, sombe ambayo ingepaswa kurudishwa motoni!

Kosa si la wamama peke yao. Simu nyingi zikitambua chakula mbele ya kamera zinaongeza rangi zenyewe, na programu za kurekebisha zina vichujio ambavyo vinataka kila sahani ifanane na saladi ya matangazo. Chakula chetu ni cha rangi nzito: maharagi, nyama ya mchuzi, samaki wa kukaushwa kwa moshi. Ukikilazimisha king'ae, kinakuwa kitu ambacho hakuna mtu wa hapa amewahi kula.

Sisemi picha ziachwe zilivyo. Majiko yetu mengi yana giza, moshi wa makala, na taa moja ya sola inayotupa rangi ya buluu. Picha iliyopigwa hapo bila kuguswa inadanganya pia, kwani jicho la mpishi halikuona buluu ile. Kwa hiyo kazi ianze kabla ya programu. Futa lenzi, mvuke unaacha utando juu yake. Zima flashi, maana mwanga wake unagonga mvuke na kurudi kama ukungu mweupe. Sogeza jiko karibu na mlango, mwanga uingie kwa ubavu. Nyuma ya sufuria pakiwa na kitu cheusi, mvuke utaonekana wenyewe, hakuna haja ya kuubandika. Kisha weka sahani nyeupe pembeni. Ndani ya programu kama Snapseed kuna chombo cha kusahihisha weupe: unagusa ile sahani, na rangi nyingine zinarudi mahali pake. Ongeza mwanga kidogo, kata pembeni, basi.

Sisi waandishi wa habari mpaka huu tunaujua. Shindano la World Press Photo linakubali mtu asahihishe mwanga, lakini linakataa picha ambayo ameongeza ao ameondoa kitu ndani yake. Sioni kwa nini sufuria ya mawese ihesabiwe chini ya hapo. Sambaza walitoka ziwa Tanganyika, wakaletwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu wakati huo wamebaki samaki wadogo wa kidole. Wale wanono tunaowaona kwenye statusi nyingine sijui wamevuliwa ziwa gani.

Tangu mabenki yafunge milango mjini Goma mwanzoni mwa mwaka wa 2025, franga ya mkononi imekuwa ya kutafutwa. Mtu aliyeagiza kwa kuangalia picha, akafunua sahani na kukuta kitu kingine, mara nyingi hagombani. Anaacha kuagiza, na anaacha kwa wote. Hapo anaumia jirani mwenye sufuria safi na simu mbovu, ambaye picha yake ya kweli ilikuwa tayari inaonekana mbaya pembeni ya zile za uongo.

Siku hizi kuna vijana wanaolipwa kuwatengenezea wamama picha hizi. Kabla ya kutuma, waingie nazo jikoni, simu ishikwe pembeni ya sufuria, na mpishi mwenyewe aseme kama rangi ni ileile. Akikataa, picha irekebishwe upya, hata kama kijana ameshalipwa.