Figo imepandikizwa, kirusi je?

Najua nimekuwa kimya, majaribio yalinibana kweli. Leo nina la moyoni kutoka darasani, na nyie msiosoma udaktari msikimbie, nitaongea lugha ya kawaida.

Kupandikiza figo hapa Bongo si hadithi tena. Muhimbili walianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma wakafuata Machi 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India. Upasuaji ukifanyika tunapongezana, na ni haki. Kinachonikera ni kwamba habari inaishia pale mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, wakati kazi ndo kwanza inaanza.

Ili mwili usiikatae figo ya ndugu, mgonjwa anameza dawa za kushusha kinga muda wote anaoishi na figo hiyo. Kinga ikishuka, virusi vilivyolala vinaamka. Kuna kimoja kinaitwa BK, herufi za jina la mgonjwa wa kwanza kukutwa nacho, naye alikuwa amepandikizwa figo. Kilitangazwa London mwaka 1971. Zaidi ya watu wazima 8 kati ya 10 wanacho (huenda mimi na wewe tumo). Tunakipata utotoni, kinajilalia kwenye figo, hakitusumbui. Kwa aliyepandikizwa kinaamka kimyakimya, bila homa wala maumivu. Kinaonekana kwanza kwenye mkojo, kisha kwenye damu, halafu ndo figo inaanza kuharibika. Ukisubiri kreatinini ipande, umeshachelewa.

Na hapa ndo pananitisha. Kreatinini ikipanda, huenda mwili unaikataa figo, na daktari anaongeza dawa za kushusha kinga. Lakini kama ni BK, anatakiwa azipunguze, maana dawa iliyothibitika kumuua huyo mdudu bado hakuna. Tiba mbili zinazopingana kabisa! Ukibahatisha unaweza kuimaliza figo ambayo dada wa mtu alikubali kupasuliwa aitoe, na yeye hana nyingine ya kutoa.

Kipimo kipo: PCR ya damu, inahesabu nakala za kirusi. Mwongozo wa kimataifa wa 2024 unataka kipimo kila mwezi hadi mwezi wa 9, kisha kila miezi 3 hadi itimie miaka 2. Piga hesabu, ni vipimo 14 hivi. Kwa maoni yangu gharama ya vipimo hivyo ingehesabiwa ndani ya gharama ya upandikizaji tangu siku ya kwanza, isiachwe ije kugombana na ada za watoto baadaye.

Jamaa yangu wa chumbani anabisha: malaria inaua watoto, nyie mnahangaika na watu wachache. Sawa, ila figo ikifa mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, na hiyo bili haiishi.

Tena PCR si ngeni kwetu. Tunaitumia kupima wingi wa virusi vya UKIMWI, na sampuli za damu zinasafirishwa kutoka vituo vya mbali hadi maabara kubwa. Kwa BK vinahitajika vitendanishi vyake na mtu wa kulipia. Mgonjwa wa Kigoma asipande basi kila mwezi, damu yake ndo isafiri. Nyie wa uchumi, hebu nipigieni hesabu: vipimo 14 na mwaka mmoja wa kusafisha damu, kipi ghali?