Gari Lililopashwa Moto

Sisi wazee tuna ugonjwa mmoja ambao wauza magari wanaujua kuliko tunavyoujua wenyewe. Ugonjwa huo ni adabu. Tunaingia uani kwa mtu, tunaamkiwa, tunaletewa soda, tunaulizwa habari za wajukuu. Baada ya hapo tunaona haya kumwambia mwenye nyumba afungue boneti. Tunalizunguka gari mara mbili, tunagonga tairi kwa kiatu, tunauliza limetembea kilometa ngapi, na tunaamini jibu.

Nasema haya kwa uchungu, kwani nami nimo. Mwalimu mwenzangu, niliyefundisha naye chuoni miaka mingi, alipopata kiinua mgongo aliniomba nimsindikize kununua moja ya haya magari madogo yaliyoinuka, si saluni si Land Rover, ambayo kila mstaafu anayatamani kwa sababu ya barabara za kwao. Tulifika saa sita mchana. Muuzaji alisema gari halijatoka tangu jana. Nilipoegemea boneti niliona ina joto. Nikanyamaza. Nilijiambia: usimwaibishe mtu nyumbani kwake. Giaboksi ilikufa kabla ya mwezi wa nne, na kununua nyingine kulimeza fedha za kuezekea nyumba. Mwenzangu hajanilaumu hata siku moja, nami ningependa anilaumu.

Wapo wanaosema kosa ni la jina: nunua Toyota, hutajuta. Huo ni uvivu wa kufikiri. Injini ya 2AZ, ya lita 2.4, iliyowekwa katika baadhi ya RAV4, inajulikana kwa mafundi kwa kula oili. Katika zile za kabla ya 2006 bolti za silinda hedi huweza kung'oa nyuzi zake ndani ya bloku ya aluminiamu, maji yakavujia nyuma ya injini ambako jicho la mnunuzi halifiki, mpaka siku gari linapochemka mlimani. Nissan X-Trail na Dualis za kuanzia 2007 nyingi zina giaboksi ya CVT, ambayo badala ya gia za kupanda hatua kwa hatua ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Haipendi joto, na ukiijaza oili isiyo yake umeiua. Huko Marekani Nissan wenyewe waliongeza dhamana ya giaboksi hizo, kwa magari ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kiwanda hakiongezi dhamana kwa kitu kisicholalamikiwa. Honda CR-V yenye kuvuta magurudumu yote nayo, oili ya difu ya nyuma ikichakaa, huguna ukikata kona kali polepole.

Basi kila jina lina maradhi yake. Swali la maana ni kama umeruhusiwa kulikuta gari limelala baridi. Injini baridi haijui kudanganya: ukiiwasha, moshi wa bluu unatoka palepale, cheni ya timingi iliyolegea inapiga kelele, na rejeta unaweza kuifungua bila kuungua ukaona kama ndani mna maji yenye kutu. CVT ni kinyume chake, huficha maradhi ikiwa baridi. Inataka nusu saa ya mwendo, na kilima kimoja. Hapo ndipo gari linatetemeka likienda polepole, au injini inalia nalo halisogei. Kwa hiyo anayelipasha moto kabla hujafika amekuficha nusu ya kwanza, na anayekuzungusha mtaa mmoja tu amekuficha nusu ya pili.

Kuhusu kilometa sitasema mengi. Mita hurudishwa nyuma. Gari lililopita mnadani Japani lilipewa karatasi ya ukaguzi, yenye kilometa zake na daraja lake, na herufi R huonyesha lililopata ajali likatengenezwa. Iombe. Ukiambiwa imepotea, nawe umejibiwa.

Nao mafundi? Fundi aliyeletwa na dalali hula kwa dalali. Tafuta wako, mlipe wewe, hata kama hununui kitu siku hiyo. Wazee wenzangu huniambia kwamba hiyo ni kumdharau mwenye gari. Nimesimamia mitihani miaka yangu yote ya kazi, na sikuwahi kumwona mwanafunzi aliyejiandaa akikasirika kwa sababu amepewa karatasi ya maswali.

Hivi karibuni mwenzangu huyo amepata tena fedha kidogo, tukaenda kwa mtu mwingine saa kumi na mbili asubuhi bila kumwarifu. Alitukaribisha vizuri sana. Akasema lakini gari haliwashwi namna hiyo, tungoje kwanza alipashe moto. Tulimshukuru kwa chai, tukaondoka.