Kitanda Usichokilalia: Tovuti, Usonji na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walipolonga kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hawakuwa na tarakilishi akilini. Hata hivyo, methali hiyo yaeleza barabara kasoro iliyopo katika uundaji wa tovuti. Aghalabu tovuti hubuniwa na watu wasio na usonji, hukaguliwa na wasio na usonji, kisha hutangazwa kuwa zinamfaa kila mwananchi. Ukweli ni kwamba hakuna tovuti inayostahili kuitwa fikivu kwa wenye usonji kabla wao wenyewe hawajaketi mbele yake na kuijaribu. Katika kazi hiyo, Wanakiswahili wana nafasi ambayo hadi sasa hawajaikalia.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga na mabadiliko. Si laana wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Wapo wenye usonji wasiotumia usemi kabisa, na wapo wenye shahada za vyuo vikuu. Nchini Kenya, Chama cha Usonji kiliasisiwa mwaka wa 2003, na kitengo cha watoto hao katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, kimejulikana kwa miaka mingi. Watoto wa wakati ule sasa ni watu wazima. Wanahitaji vitambulisho, vyeti na kazi.

Mahitaji hayo yote yamehamia mtandaoni. Tarehe 30 Juni 2023, serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 katika mfumo wa eCitizen, pamoja na programu ya simu iitwayo Gava Mkononi. Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wengi wanaoshindwa na fomu za mtandaoni hukimbilia saiba, ambako mhudumu huwajazia kwa malipo. Kwa kijana mwenye usonji, saiba yenye foleni, muziki wa juu na honi za matatu mlangoni ni mateso. Isitoshe, humlazimu kumkabidhi mtu baki neno lake la siri na habari zake za faragha. Kijana asiyeweza kuitumia tovuti peke yake huendelea kuhesabiwa mtoto hata akiwa na miaka thelathini.

Ni kweli kwamba zipo kanuni za kimataifa. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.0, uliotolewa mwaka wa 2008, unataka kitu chochote kinachoanza kujisogeza chenyewe ukurasani kwa zaidi ya sekunde tano, sambamba na maudhui mengine, kiweze kusimamishwa na msomaji. Mwaka wa 2016, wabunifu katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza walitoa mabango yanayoshauri kwamba kwa wenye usonji, rangi ziwe tulivu, sentensi ziwe rahisi, mpangilio uwe ule ule na kila kitufe kitaje kazi yake. Kanuni hizi ni njema, ila hazitoshi. Programu ya ukaguzi yaweza kupima tofauti ya rangi, lakini haiwezi kujua kwamba sentensi fulani imemtia msomaji hofu akaizima simu.

Hapo ndipo majaribio ya watumiaji yanapohitajika. Utaratibu wake si mgumu. Mtumiaji hupewa kazi halisi, mathalani kutafuta ada ya cheti cha kuzaliwa, na mchunguzi hunyamaza akiandika mahali anaposita, anaporudi nyuma na anapokata tamaa. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka wa 2000 kwamba watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kwa wenye usonji, utaratibu huo hauna budi kurekebishwa. Mahali pawe kimya. Mshiriki aelezwe mapema kitakachofanyika na kitachukua muda gani, na ajue kwamba anaweza kusita wakati wowote. Asilazimishwe kusema huku akitenda, kwani wengine hulemewa na mambo mawili kwa mpigo. Muhimu zaidi, mzazi aliyemsindikiza asijibu kwa niaba yake.

Suala la lugha ndilo linalowahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Baadhi ya wenye usonji huyachukua maneno kwa maana yake ya msingi, ilhali istilahi za mtandaoni zimejaa sitiari. Kitufe cha "Nyumbani" hakimpeleki mtu nyumbani. "Tuma maombi" ni amri inayoweza kueleweka kanisani au msikitini kabla ya kueleweka afisini. Huenda "Mwanzo" na "Tuma fomu" yakawa wazi zaidi, lakini hilo si la kuamuliwa na kamati ya istilahi iliyojifungia chumbani. Hata jina Gava Mkononi lina mtihani wake. "Gava" ni neno la Sheng, lugha iliyokulia Eastlands, na msomi aweza kudhani kwamba Sheng itamfaa kila kijana wa huko. Yamkini mwenye usonji aliyefunzwa maneno sanifu shuleni akakerwa na msimbo unaobadilika kutoka mtaa mmoja hadi mwingine. Atakayejua ni yule aliyemuuliza.

Wapo watakaodai kwamba wenye usonji hutofautiana mno, hivyo matokeo ya watu watano hayawezi kuwawakilisha wote. Hoja hiyo ina uzito, kwani picha inayomsaidia mmoja yaweza kumvuruga mwingine. Hata hivyo, tofauti hizo ni sababu ya kurudia majaribio na kumwachia msomaji uwezo wa kuchagua. Kuyaacha majaribio kwa sababu watu hawafanani ni kurudi kule kule kwa mbunifu anayejipima mwenyewe.

Katiba ya Kenya ya 2010 imekwisha kuonyesha njia. Kifungu cha 7, kile kile kinachokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kinaitaka pia serikali ikuze Lugha ya Ishara, Breli na njia nyingine za mawasiliano na teknolojia zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Wanakiswahili wamezoea kukinukuu kifungu hicho na kuishia nusu yake ya kwanza. Wakati umewadia wa kukisoma hadi mwisho. Darasa la tafsiri lichukue ukurasa mmoja wa huduma za umma, liutafsiri, kisha liupeleke Makadara au Buruburu kwa vijana watano wenye usonji, walipwe kwa muda wao, na tafsiri irekebishwe kwa kufuata walichokionyesha. Wanaokilalia kitanda hicho wapo mitaani, na kunguni wake wanawajua. Lililosalia ni kuwauliza.