KURA YA ALIYEKWENDA KUTAFUTA KAZI



Safari hii, katika ukurasa wetu wa nchi jirani, nataka tutazame sheria ya Afrika Kusini iliyobatilishwa mwaka 2009. Inaonyesha jinsi mfanyakazi anavyoweza kunyang'anywa kura bila mtu yeyote kutamka kwamba ananyang'anywa.

Sheria ile iliruhusu kura maalumu kwa raia aliyeandikishwa ambaye siku ya uchaguzi yuko nje ya nchi kwa muda. Lakini si kila raia. Aliyekwenda likizo, ruhusa. Mwenye safari ya biashara, ruhusa. Mwanafunzi wa chuo, ruhusa. Hata aliyekwenda kwenye mashindano ya michezo, ruhusa! Watumishi wa serikali walioko nje nao walikuwa na njia yao. Ila aliyekwenda kuajiriwa na kupokea mshahara, hapana. Isomeni tena orodha hiyo. Tajiri anayeota jua ufukweni ni mpiga kura. Fundi aliyefuata ajira si kitu.

Bw. Richter, mwalimu wa Afrika Kusini aliyekuwa akifundisha Uingereza, alikataa. Alishinda katika Mahakama Kuu, na tarehe 12 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba kizuizi kile kinavunja katiba. Iliamuru kwamba kila aliyeandikishwa aliye nje aweze kupiga kura ubalozini, mradi atoe taarifa kufikia tarehe 27 Machi. Uchaguzi ulikuwa tarehe 22 Aprili. Siku 15 tu za kutoa taarifa, na kazi ikafanyika. Wanaotuambia kila mara kwamba matayarisho ni magumu wazikumbuke siku hizo.

Kenya mambo yalikwenda vingine. Katiba yao ya 2010 inasema haki ya raia walioko nje itatimizwa hatua kwa hatua. Mwaka 2013 walipiga kura walioko Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pekee. Wenzao wa nchi nyingine walikwenda mahakamani, lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikashikilia neno lile lile: hatua kwa hatua. Mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na 2022 nchi nyingine zaidi, nayo ni kura ya rais tu. Mimi sikubaliani na hukumu ile. Fedha anazotuma nyumbani mfanyakazi wa ndani aliyeko Arabuni hazipokelewi hatua kwa hatua. Zinapokelewa siku hiyo hiyo.

Msumbiji, nchi yenye watu wengi katika migodi ya Afrika Kusini, ilianza kuwapa kura raia wake walioko nje mwaka 2004, na imewatengea viti bungeni.

Na sisi Tanzania? Aliyeko nje hana kura. Aliyeko ndani hupiga kura pale alipoandikishwa. Mkata miwa aliyejiandikisha Kigoma akaja Kilombero msimu wa mavuno, kura yake imebaki Kigoma. Anaweza kuihamisha daftari linapoboreshwa, lakini waandikishaji wanapokuja yeye yumo shambani, na akiondoka hukatwa siku.

Kwa hiyo kila tawi liandike sasa majina ya wanachama walioandikishwa mbali, na madai ya ruhusa yenye malipo kwa siku ya uandikishaji yaingizwe katika mazungumzo yajayo ya mkataba, pamoja na yale ya mishahara.