Tozo Ilitoka Mlangoni, Ikarejea Dirishani

Kiswahili ni lugha tajiri, na hapana mahali utajiri huo unapodhihirika kama katika hotuba za bajeti. Mwananchi anapotoa fedha mfukoni mwake kuipa serikali, tendo ni moja tu. Lakini majina yake ni mengi: kodi, ushuru, ada, tozo, makato, mchango. Mwaka 2021 tukaongezewa na majina ya heshima. Makato ya miamala ya simu yalisikika yakiitwa tozo ya mshikamano, na pengine tozo ya uzalendo. Sisi tulidhani uzalendo hutolewa kwa hiari.

Tukumbushane ilivyokuwa. Tarehe 15 Julai 2021 sheria ya fedha ya mwaka ule ilianza kukata baina ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa kila muamala wa simu, kulingana na kiasi kilichotumwa au kutolewa. Angalieni neno hilo "au". Kijana aliyeko Kariakoo akimtumia mama yake fedha za dawa huko Kondoa, alikatwa wakati wa kutuma. Na mama alipofika kwa wakala kuzitoa, alikatwa yeye pia. Hayo yote ni juu ya ada ya kampuni ya simu, ambayo yenyewe tayari ilikuwa na kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa ndani yake. Shilingi moja ikasafiri safari moja na kupita vizuizi vitatu au vinne, kila kizuizi na bakuli lake.

Na fedha hizo ni fedha za namna gani? Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Yule kijana alikwisha kukatwa kodi ya mshahara, au alikwisha kulipa ushuru wa meza yake sokoni. Alichokituma hakikuwa faida ya biashara wala mapato mapya. Ilikuwa ni kuunga undugu. Katika nchi ambayo wengi hawana bima ya afya wala pensheni, mtoto aliyeko mjini ndiye bima, na simu ndiyo njia ya kuifikisha bima hiyo kijijini. Aliyeitoza njia ile, aliutoza wema wenyewe.

Sisi ambao huzungumza habari za zaka kila Ramadhani hatukuweza kujizuia kulinganisha. Zaka ya fedha haimgusi mtu mpaka mali yake ifikie nisabu, na mali hiyo ikae kwake mwaka mzima. Ndipo hutolewa sehemu moja katika arobaini. Masikini hatoi, yeye hupokea. Tozo haikuuliza nisabu, wala haikungoja mwaka. Ilizikata fedha ambazo hazijalala hata usiku mmoja, mikononi mwa mtu ambaye kwa hesabu ya zaka angekuwa katika wapokeaji. Hatusemi kwamba serikali iendeshwe kwa zaka peke yake. Barabara hazijengwi kwa dua, na serikali ilieleza kuwa fedha za tozo zilijenga vituo vya afya na madarasa; majengo hayo yana manufaa, na asiyeshukuru kwa kituo cha afya hajapata kumbeba mgonjwa usiku. Swali letu ni lile la mizani: kwa nini mzigo wa kujenga uanzie kwenye bega lililo jembamba zaidi?

Jirani akinyolewa, husema wenyewe, nawe tia maji. Uganda ilianza kutoza miamala ya simu Julai 2018 kwa asilimia moja, na kabla mwaka ule haujakwisha ikalazimika kuipunguza kuwa nusu asilimia kwa kutoa fedha tu. Sisi tulimwona jirani akinyolewa, na badala ya kutia maji tukaenda kuazima wembe.

Yaliyofuata yanajulikana. Watu walilalamika. Wapo waliorejea kwa dereva wa basi na bahasha iliyofungwa kwa gundi, kama zamani kabla ya mwaka 2008 huduma hizi zilipoingia nchini. Rais aliagiza suala lile litazamwe upya, na Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi shilingi 4,000, lakini kwa mkono wa pili miamala ya benki nayo ikaingizwa. Malalamiko yakapanda tena, na kuanzia Oktoba mwaka huo makato kadhaa ya benki yakaondolewa. Bajeti ya mwaka 2023/24 ikafuta tozo ya kutuma fedha. Tulishukuru, na bado tunashukuru, kwani kiongozi anayesikia ni bora kuliko asiyesikia.

Lakini bajeti ile ile ilikuja na shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Mgeni alitolewa mlangoni kwa heshima zote, naye akazunguka akaingia kwa dirishani, safari hii amebeba dumu na mfuko.

Tuitazame na ile kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Ukusanyaji wake ni mwepesi mno, na wepesi huo tunausifu. Tatizo ni kwamba mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme. Na anayenunua, katika nyumba zetu za kupanga, ni mpangaji. Basi mtu asiyemiliki hata tofali moja analipia jengo la mwenzake, kisha mwisho wa mwezi anagongewa mlango kudaiwa pango. Waliokubaliana na wenye nyumba wao wakakatiana hesabu wamefanya uungwana, lakini uungwana huo ungefaa uwe sheria inayotekelezwa, si hisani.

Wazee waliopo katika safu zetu za mbele wanaikumbuka kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Ile ilikuwa na sura: mgambo alionekana akija, na mtu aliweza walau kukimbilia migombani. Kodi za leo hazina miguu, wala huzisikii zikipiga hodi. Kwa hiyo hazigombwi, na kinachokusanywa kimya kimya ni rahisi kutumiwa kimya kimya. Ripoti za Mkaguzi Mkuu husomwa kila mwaka, nasi hushangaa kwa wiki mbili.

Kwa hiyo tunazo rai mbili kwa kamati za misikiti. Ya kwanza, wasomi wetu wa hesabu watumie darasa moja baada ya Alasiri kuwasomea waumini risiti ya umeme na ujumbe wa muamala, mstari kwa mstari. Ya pili inawahusu wanaojenga. Msikiti unaohitaji mifuko 500 ya saruji hulipa shilingi 500,000 kwa hesabu ile ya 2023, na fedha hizo zimetoka katika sadaka za Ijumaa. Mweka hazina aziandike katika mstari wake peke yake, na taarifa ibandikwe ukutani, karibu na mahali pa kuvulia viatu, ambapo kila mtu husimama.